Darubini ya bunduki: Kosa la unene wa karatasi linaloweza kugharimu maisha porini

Na Mwandishi Wetu

KILA mwaka ifikapo Julai 1, msimu wa uwindaji wa kitalii unapofunguliwa hapa nchini, wageni kutoka Marekani, Ulaya na kwingineko huanza kuwasili wakiwa na masanduku marefu yenye kufuli. Ndani ya masanduku hayo mna bunduki za thamani kubwa, nyingi zikiwa zimefungwa darubini juu ya mtutu.

Hata hivyo, jambo la kwanza analotakiwa kulifanya mgeni afikapo kambini si kwenda kumsaka nyati. Mwindaji bingwa anayemwongoza humpeleka pembezoni mwa kambi, akamwonyesha boksi lililochorwa alama ya msalaba na kumtaka apige risasi mbili au tatu. Mgeni anaweza kudhani kwamba uwezo wake unatiliwa shaka, lakini kinachopimwa hasa ni bunduki yake. Imesafiri maelfu ya kilometa, imepakiwa na kupakuliwa na wachukuzi wa mizigo katika viwanja vitatu au vinne vya ndege, kisha ikasukwasukwa na gari katika barabara za vumbi. Swali ni moja tu: je, risasi bado inakwenda pale darubini inapoelekeza?

Swali hilo huonekana dogo kwa mkazi wa mjini ambaye huenda hatashika bunduki maisha yake yote. Kwa wafuatilia nyayo na askari wa wanyamapori wanaoongozana na mgeni huyo, ni suala la kufa na kupona. Nyati dume aliyekomaa anaweza kuwa na uzito wa zaidi ya kilo 700, na akijeruhiwa tu badala ya kuuawa huingia kichakani na kuwasubiri wanaomfuata. Anayetangulia katika msafara huo mara nyingi si mgeni mwenye bunduki yenye kasoro, bali ni Mtanzania anayeinamia damu na nyayo ardhini.

Makala haya yanaeleza namna darubini inavyofungwa juu ya bunduki na namna inavyooanishwa na mtutu, kwa lugha ambayo hata anayeanza ataielewa.

Kwa nini risasi haifuati macho

Watu wengi hudhani kwamba risasi husafiri kwa mstari ulionyooka kutoka kwenye mtutu hadi kwenye shabaha. Ukweli ni kwamba huanza kuvutwa chini na uzito wake mara tu inapotoka kwenye mdomo wa mtutu, sawasawa na jiwe lililorushwa kwa mkono. Tofauti ni kasi tu.

Darubini, kwa upande wake, hukaa juu ya mtutu kwa sentimita nne au tano. Kwa hiyo kuna njia mbili: ya jicho, ambayo ni mstari mnyoofu, na ya risasi, ambayo ni upinde. Ili njia hizo zikutane, mtutu huinuliwa kidogo sana ukilinganisha na darubini. Risasi huanza ikiwa chini ya mstari wa jicho, hupanda na kuukata, huenda juu yake kwa umbali fulani, kisha hushuka na kuukata kwa mara ya pili.

Kuoanisha darubini ni kuchagua mahali ambapo njia hizo mbili zitakutana. Kiwanda hakiwezi kumfanyia mnunuzi kazi hiyo, kwa kuwa hakijui darubini itafungwa juu ya bunduki gani, itatumia risasi za uzito gani, wala nani atakayeishika.

Anayeanza anapaswa pia kujua kipimo kinachotumika. Duara lina nyuzi 360, na kila nyuzi moja hugawanywa katika dakika 60. Dakika hizi si za saa, ni za pembe. Dakika moja ya pembe ni sawa na sentimita 2.9 katika umbali wa mita 100. Darubini nyingi za uwindaji zina vifundo viwili vya kuzungusha, cha juu kwa ajili ya kupandisha na kushusha, na cha ubavuni kwa ajili ya kulia na kushoto. Kila kifundo kinapozungushwa hutoa mlio mdogo wa "tiki". Katika darubini nyingi, kila tiki huhamisha risasi kwa robo ya dakika, yaani milimita 7.3 kwa mita 100. Nyingine, hasa kutoka Ulaya, huhamisha sentimita moja kamili kwa umbali huo. Kipimo hicho huandikwa kwenye kifundo chenyewe.

Vifaa na maandalizi

Kanuni ya kwanza haina mjadala: bunduki isiwe na risasi hata moja. Komeo lifunguliwe, chumba cha risasi kikaguliwe kwa macho na kwa kidole, na risasi zote ziwekwe chumba kingine. Ajali nyingi za bunduki hutokea mikononi mwa watu walioamini kwamba silaha ilikuwa tupu.

Darubini haifungwi moja kwa moja juu ya bunduki. Kati yake kuna kitako au reli inayokazwa kwa skrubu juu ya mwili wa bunduki, kisha pete mbili zinazolibana bomba la darubini. Pete ni lazima zilingane na unene wa bomba. Mabomba mengi yana kipenyo cha milimita 25.4 au milimita 30, na tofauti hiyo ndogo inatosha kuharibu kila kitu. Asiyejua kipimo cha darubini yake asinunue pete kwa kukisia.

Jambo la pili ni kimo cha pete. Darubini inapaswa kukaa chini kadiri inavyowezekana bila kioo chake cha mbele kugusa mtutu na bila kuzuia komeo kufunguka. Darubini iliyokaa juu mno humlazimisha mpigaji ainue shavu kutoka kwenye kitako cha bunduki, na kichwa kisichoegemea popote hakiwezi kulenga mahali pamoja mara mbili.

Kabla ya kukaza chochote, matundu ya skrubu na sehemu zinazokutana husafishwa mafuta kwa kitambaa na spiriti. Mafuta ni mazuri ndani ya mtutu, lakini kwenye skrubu huziruhusu zilegee taratibu kila bunduki inapopiga teke. Skrubu za kitako huwekewa tone dogo la gundi ya kuzuia kulegea. Skrubu za pete hazihitaji, kwa kuwa gundi huteleza kama mafuta kabla haijakauka na kumfanya mtu akaze kupita kiasi bila kujua.

Kufunga: uvumilivu kuliko nguvu

Kitako kikishakazwa, nusu za chini za pete hufungwa juu yake na darubini hulazwa ndani yake. Nusu za juu hurudishwa na skrubu zake hukazwa kwa ncha za vidole tu, ili darubini iweze bado kusogezwa na kuzungushwa.

Hapo ndipo hupimwa umbali wa jicho. Kila darubini ina umbali ambao jicho likikaa huona picha kamili, duara safi lisilo na kivuli cheusi pembeni. Kwa darubini nyingi za uwindaji ni kati ya sentimita 8 na 10. Mpigaji huishika bunduki kama atakavyoishika porini, hufumba macho, huegemeza shavu mahali anapojisikia vizuri, kisha hufumbua. Akiona kivuli, darubini husogezwa mbele au nyuma hadi kitoweke. Kipimo hiki hufanywa kwa nguvu ya juu ya kukuza, kwa sababu hapo ndipo jicho huwa na nafasi finyu zaidi.

Kulipuuza jambo hili kuna adhabu ya papo hapo. Bunduki ya .375 Holland & Holland, iliyotolewa Uingereza mwaka 1912 na ambayo hadi leo hutumiwa sana Afrika kwa wanyama wakubwa, hupiga teke zito. Darubini iliyo karibu mno na jicho hurudi nyuma na kuuchana uso juu ya nyusi. Kovu la nusu duara mahali hapo huwatambulisha wawindaji waliofanya haraka.

Kinachofuata ni kuunyoosha msalaba unaoonekana ndani ya darubini. Mstari wake wa wima lazima uwe wima kweli pale bunduki inaposhikwa sawasawa. Njia rahisi ni ile ya mafundi wa ujenzi: bunduki husawazishwa kwa pimamaji, kisha kwa mbali huning'inizwa timazi, yaani uzi wenye kitu kizito mwishoni. Darubini huzungushwa ndani ya pete hadi mstari wa wima ulale juu ya uzi. Msalaba ulioinama hautaonekana kuwa na hitilafu kwa mita 50, lakini kadiri umbali unavyoongezeka risasi hukimbilia upande mmoja na mpigaji asielewe kwa nini.

Sasa skrubu za pete zinaweza kukazwa. Hukazwa kidogo kidogo kwa zamu na kwa kukingamana, kama fundi anavyofunga nati za gurudumu la gari, huku nafasi kati ya nusu mbili za pete ikibaki sawa pande zote. Kwa kawaida skrubu za pete hukazwa kwa nyutoni mita 2 hivi, na za kitako kwa takriban 3. Zipo bisibisi maalumu zinazopima nguvu hiyo, na mwongozo wa kila pete hutaja kiwango chake. Anayekaza kwa nguvu zote za mkono hulibonyeza bomba la darubini, na darubini iliyobonyea ndani haifuati tena vifundo vyake.

Hapa ndipo penye lile kosa la unene wa karatasi. Tuseme pete mbili ziko umbali wa sentimita 10, na moja imelegea kiasi cha kuruhusu darubini isogee kwa sehemu moja ya kumi ya milimita, ambao ndio unene wa karatasi ya kawaida ya kuandikia. Hesabu ya pembe inaonyesha kwamba kwa mita 100 kosa hilo limekuwa sentimita 10. Kwa mita 200 ni sentimita 20. Mahali penye moyo na mapafu ya swala pala hapazidi sana upana wa sahani ya chai. Karatasi moja inatosha kuitoa risasi kwenye sahani hiyo na kuipeleka tumboni.

Kuchungulia kupitia mtutu

Darubini iliyofungwa vizuri bado haijaoanishwa. Risasi ya kwanza inaweza hata isiguse ubao wa shabaha. Ili kuepuka kupoteza risasi, kwa bunduki ambazo komeo lake huchomolewa, kuna hatua isiyohitaji baruti.

Bunduki hulazwa juu ya mifuko ya mchanga isitikisike. Komeo huchomolewa na mpigaji huchungulia kutoka nyuma kupitia ndani ya mtutu mtupu hadi aone kiini cha shabaha, iliyo umbali wa mita 25, kikiwa katikati ya tundu. Kisha, bila kuigusa bunduki, hutazama kupitia darubini na kuzungusha vifundo hadi msalaba nao uangukie kwenye kiini hicho. Hurudia kuchungulia mara mbili tatu kuhakikisha kwamba bunduki haikusogea.

Hatua hii huwachanganya wengi. Mishale iliyochorwa kwenye vifundo huonyesha upande ambao risasi itahamia, si upande ambao msalaba utahamia. Kifundo kikizungushwa kuelekea "juu", msalaba machoni huonekana ukishuka. Asiyelijua hilo huzungusha kinyume na kuzidi kupotea.

Uwanjani: risasi tatu, si moja

Kuanzia hapa kazi ni ya uwanja wa shabaha ulioruhusiwa, wenye kingo ya udongo nyuma ya shabaha, na kwa mtu mwenye leseni halali. Hapa nchini umiliki na matumizi ya silaha husimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Shamba la nyuma ya nyumba si uwanja wa shabaha, kwani risasi ya bunduki kubwa inaweza kuruka kilometa kadhaa ikikosa cha kuizuia. Masikio na macho nayo yakingwe.

Mpigaji huketi mezani na kuegemeza bunduki kwenye mifuko ya mchanga, wa mbele ukiwa chini ya mti wa bunduki na kamwe si chini ya mtutu, kwa sababu mtutu unaoguswa hutikisika kwa namna nyingine. Hupumua, hutoa nusu ya pumzi, hutulia, na kukivuta kifyatulio taratibu kana kwamba hajui kitafyatuka lini. Anayekikwanyua ghafla huivuta bunduki nzima pamoja nacho.

Hupigwa risasi tatu kwa kulenga mahali pale pale. Risasi moja haisemi kitu, kwani huenda mkono ulitetemeka. Tatu zikikaa karibu karibu huwa zimetoa ushahidi, hata kama ziko mbali na kiini. Kinachotafutwa kwanza ni risasi kukaa pamoja. Kuzihamishia katikati ni kazi ya vifundo.

Tuchukue mfano. Kwa mita 25, katikati ya matundu matatu ni sentimita 9 kushoto na sentimita 5.4 chini ya kiini. Kwa umbali huo kila tiki ya robo dakika huhamisha milimita 1.8 tu, yaani robo ya kile inachohamisha kwa mita 100. Kwa hiyo mpigaji atazungusha tiki 50 kulia na tiki 30 juu. Risasi tatu zinazofuata zinapaswa kuangukia kwenye kiini au kukikaribia sana.

Wengi hukomea hapo na kujipongeza, na hilo ni kosa. Shabaha husogezwa hadi mita 100. Kwa risasi nyingi za uwindaji, bunduki iliyopiga katikati kwa mita 25 itapiga sentimita kadhaa juu kwa mita 100, kwa sababu ya ule upinde tulioueleza. Tuseme matundu yako sentimita 6 juu na sentimita 2 kulia. Kila tiki sasa ni milimita 7.3, hivyo hushushwa tiki 8 na kurudishwa tiki 3 kushoto. Baada ya risasi tatu za kuthibitisha, kazi imekwisha.

Kati ya kundi moja na jingine mtutu huachwa upoe. Mtutu wenye joto unaweza kuitupa risasi mahali tofauti, na mwindaji porini hupiga risasi yake ya kwanza, iliyo muhimu kuliko zote, kwa mtutu baridi. Ndiyo maana wenye uzoefu hurudi uwanjani asubuhi ya siku nyingine na kupiga risasi moja tu ili wajue itakwenda wapi.

Makosa yanayojirudia

La kwanza ni kubadili risasi. Risasi ya gramu 9.7 na ya gramu 11.7 zinaweza kupigwa na bunduki moja, lakini haziangukii mahali pamoja. Aliyeoanisha kwa aina moja kisha akasafiri na nyingine kwa kuwa ilikuwa nafuu hajaoanisha.

La pili ni kuifukuza kila risasi. Anayezungusha vifundo baada ya kila mlio hurekebisha mtetemo wa mkono wake badala ya kasoro ya darubini, na hatafika.

La tatu ni kulaumu darubini kabla ya kukagua skrubu. Risasi zinapotawanyika bila mpangilio, kwanza hushikwa kitako na pete kuona kama kuna kinachocheza. Mara nyingi dawa ya tatizo ni spana ndogo, wala si darubini mpya.

La nne ni kufanya mazoezi mezani tu. Porini hakuna meza. Mwindaji husimama, moyo ukimwenda mbio, na kuegemeza bunduki kwenye fito tatu zilizofungwa pamoja zinazobebwa na mfuatilia nyayo. Mwenye kupiga vizuri mezani akiwa ametulia asidhani kwamba atapiga hivyo hivyo baada ya kutembea saa nne juani.

Gharama ya risasi mbaya

Tanzania ilisimamisha uwindaji mwaka 1973 na kuurejesha mwaka 1978, wakati jirani zetu wa Kenya waliupiga marufuku mwaka 1977 na hawajaurudisha. Mjadala kama uwindaji wa kitalii unastahili kuendelea bado ni mkali, na makala haya hayakusudii kuumaliza. Lakini pande zote mbili zinakubaliana katika jambo moja: mnyama akipigwa, afe upesi.

Katika vitalu vya uwindaji, mnyama aliyejeruhiwa na kutoweka huhesabiwa kuwa ameuawa, na mgeni hulipa ada yake yote ingawa harudi na pembe wala ngozi. Hiyo ndiyo gharama iliyo nyepesi. Gharama nzito ni kumfuata. Mwindaji bingwa, wafuatilia nyayo na askari wa wanyamapori huingia kichakani wakijua kwamba nyati aliyepigwa tumboni yu hai, ana maumivu, na huenda amezunguka na kusimama kando ya njia aliyopita mwenyewe. Huenda hatua kumi kwa robo saa. Wapo waliouawa katika kazi hiyo.

Ndiyo sababu mwindaji bingwa haoni haya kumwomba mgeni, hata awe tajiri au maarufu kiasi gani, apige boksi kwanza. Risasi tatu za kambini humgharimu mgeni dakika kumi. Zikionyesha kwamba darubini imesogea, hukaguliwa skrubu, huzungushwa vifundo, na mambo huendelea. Zisipopigwa, kasoro hiyo hiyo itagunduliwa mbele ya nyati.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika bunduki, ufa wenyewe ni mwembamba kama karatasi, na huzibwa kwa spana ndogo kabla ya safari kuanza.